Samaki wa Maji Baridi katika Ua Wetu wa Ansab

Baba yangu,

Rehema za Mola zikufunike huko uliko. Nimeegesha gari kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali na nimeshindwa kushuka. Mjukuu wako Nasri, ambaye hamkudirikiana, yumo ndani ghorofa ya tatu. Ana tundu moyoni, na kesho asubuhi watampasua. Ana miaka sita. Nimechukua daftari lake la kuchorea ili nikuandikie, kwa sababu hofu niliyonayo leo ni wewe peke yako uliyewahi kuijua.

Unaikumbuka siku uliyorudi kutoka uwanja wa ndege na sanduku jeupe mapajani? Mama alidhani umemletea zabibu. Ulipolifunua, ndani mlikuwa na barafu, na juu ya barafu mayai ya samaki ya rangi ya chungwa, kila yai na vijidoa viwili vyeusi vya macho. Ukatwambia ni mayai ya trauti, samaki wa maji baridi uliokuwa ukiwavua utotoni kwenye mito ya Mlima Kenya, enzi Babu ana duka huko. Mama, mtoto wa Unguja aliyekulia changu na jodari, akakuuliza kama jua la Maskati umelipa likizo. Akaongeza kuwa nyinyi watu wa bara samaki mnamjulia kwenye friji. Ulicheka tu. Miaka ishirini ulikuwa fundi wa viyoyozi, na hukuona kwa nini samaki asipate alichopata kila karani wa serikali.

Mayai uliyaangulia stoo, kiyoyozi kikivuma usiku na mchana. Vifaranga walipokua ukawahamishia kwenye birika la saruji katika ua wetu wa Ansab, hapa Maskati, ukalizungushia magodoro ya zamani na kulifunika kwa makuti ya mtende. Maji yakapita kwenye mabomba ya shaba ya viyoyozi viwili vibovu ulivyovifufua. Kipimajoto kikisoma kumi na tano, ulifurahi kama mtu aliyepata barua. Kikipita ishirini, ulikuwa hukaliki.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa mwoga tangu hapo. Wewe ulikuwa ukiona samaki arobaini na wawili. Mimi nilikuwa naona njia arobaini na mbili za kufa.

Mwezi wa sita ukaanguka msikitini, umeshika kifua. Walipokupitisha nyumbani kuchukua vitambulisho, kabla hujapelekwa hospitali, ulinishika mkono ukaniambia maneno matatu: "Nakuachia samaki wangu." Mama alikasirika, mtu anakata roho anawaza samaki. Mimi sikukasirika. Niliyachukua maneno yale nikayafunga kifuani, nikajiambia jambo ambalo sikumwambia mtu: wakipona hawa, Baba atapona. Wakifa, na yeye hayupo.

Tangu saa ile sikupata amani. Kila baada ya sala nilikimbilia kipimajoto. Friji ikitetemeka jikoni nilikurupuka nikidhani umeme unakatika. Nilikuwa nikisimama kando ya birika nasikiliza mlio wa mashine, na nikiusikia nasema alhamdulillahi, Baba yu hai.

Siku ya nne maji yakapungua. Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kinavuja, na pampu ilianza kukoroma kwa kuvuta hewa. Nilijua sheria yako. Kiangazi mji huu bomba la baridi ndilo la moto, kwa sababu tangi liko juu ya paa na jua linalichemsha tangu asubuhi. Sisi sote tulikuwa tukizima hita tukioga maji ya hita, maana hayo yako ndani kivulini. Na samaki wako walikuwa wakiongezewa maji ya hita hayo hayo, kwa ndoo, yaliyolala siku nzima na kutiwa barafu. Lakini ndoo zilikuwa tupu, pampu inakoroma, na mimi akili imeniruka. Nikatia mpira wa bomba la uani birikani, nikasema dakika moja tu, mpaka pampu inyamaze.

Simu ikalia. Alikuwa Mama, yuko hospitali. Aliniambia madaktari wamesema watakupasua jioni ile, na nikakaa sakafuni na mkono wa simu nikilia. Nilipokumbuka mpira, maji yalikuwa yanamwagika ukingoni. Nikatia mkono. Yalikuwa maji ya kukogea mtoto mchanga.

Waliobaki ni tisa. Waliokufa tuliwazika chini ya mndimu, mimi na Mama, naye alinionya usijue, moyo wako hauhimili. Hukufa jioni ile. Lakini hofu haikunitoka, ilihamia tu. Sasa niliamini kuwa utakufa siku utakayojua.

Uliporudi nyumbani ulikuwa huwezi kufika uani. Kila alasiri ulikuwa ukiniuliza, samaki hawajambo? Nikisema hawajambo. Wanakula? Wanakula. Nilikutungia mpaka samaki mkubwa mwenye wivu anayewafukuza wenziwe. Ulikuwa ukinisikiliza umefumba macho, nami nikitazama kifua chako kama kinapanda.

Mpaka Jumatano moja ukasema umechoshwa na supu, nisiwape samaki chakula tena ili matumbo yawe safi, Ijumaa tutavua. Siku mbili zile sikulala, sikula. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, ukaja uani kwa mkongojo, ukakaa kwenye kiti, ukaniamuru nifunue makuti. Nikafunua. Ulihesabu kwa kidole.

"Tisa," ulisema.

Nikakwambia yote. Mpira, simu, mndimu, na lile sharti nililojiwekea, ambalo nililiona aibu kuliko uongo wenyewe. Nilikuwa nikisubiri ushike kifua. Wewe ulishika mkono wangu.

"Na mimi hospitali nilijiwekea hilo hilo," ulisema. "Wakiishi, ntaishi. Kila siku nilipokuwa nnakuuliza samaki, nilikuwa nnakuuliza hali yangu mimi. Kumbe wenyewe wako chini ya mndimu zamani, na mimi nnakunywa supu. Mungu hatiliwi sharti, mwanangu. Lete kisu."

Ukanifundisha. Samaki kwenye maji ya barafu mpaka alegee, pigo moja nyuma ya kichwa, kisu kutoka chini kwenda kooni, na kidole gumba kikwangue damu iliyogandamana na uti wa mgongo, la sivyo nyama itakuwa chungu. Nilikata ovyo mpaka wa tisa, na hukunipokonya kisu. Mama aliwakaanga kwa ndimu na chumvi, akasema samaki huyu hana habari ya bahari, akala wawili.

Ulituacha miaka mitatu baada ya hapo. Siku ile hapakuwa na samaki hata mmoja katika birika.

Nakuandikia kukiri kuwa sikujifunza. Leo, tangu kutoka nyumbani, nilikuwa nahesabu taa za barabarani. Zikiwa za kijani, Nasri atapona. Ya kwanza kijani. Ya pili kijani. Ya tatu ikawa nyekundu, nikakanyaga breki, nikabaki pale pale hata ilipogeuka kijani, mpaka gari za nyuma zikanipigia honi. Ndipo nilipokuja nikaegesha hapa.

Baba, naogopa. Usiku wa jana Nasri aliniuliza kama akiamka baada ya kupasuliwa nitakuwepo. Sikuweza kumwahidi kuwa ataamka. Nilimwambia nitakuwepo. Ni hilo tu lililo mkononi mwangu, na sina kitu kingine cha kushikilia.

Sasa nafunga daftari, nashuka.

Mwanao,
mama yake Nasri