Mfereji Niliojenga Bila Radhi Yako

Dilala, Kolwezi

Baba yangu,

Asalam aleikum. Kabla ya yote, macho yako vipi? Mama aliniambia siku hizi unasogeza msahafu mpaka kwenye pua. Na mgongo? Na mpunga wa bondeni umekubali mwaka huu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Idi bado anaendesha lori kati ya hapa na Kasaji, anarudi mwekundu kwa vumbi hata watoto wanamkimbia. Watoto wanakula vizuri, na Kifaransa chao kimeshanishinda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hutaki mazungumzo. Unauliza watoto, unauliza mkwe wako, halafu, “Ngoja nikupe mama yako.” Jambo nililo nalo ni lako, si la mama. Naomba ukae chini kwanza.

Baba, nimejenga mfereji wa mbao wa kuoshea dhahabu. Nimeujenga mimi mwenyewe, na nimesimama ndani ya maji. Najua umeshaitupa karatasi. Kaka Rajabu, iokote uendelee kumsomea.

Siku hizi nawakumbuka mpaka inauma. Nakumbuka njia ya kijitoni, mimi na sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo kichwani. Nikifika ukingo wa juu nasimama, maana pale ndipo wanawake walipokomea. Ulikuwa ukisema mwanamke akikanyaga maji yale dhahabu inakimbia. Basi naweka chakula juu ya majani, napiga makofi mara mbili, wewe unapanda kukichukua. Lakini sikuwa naondoka, baba. Nilikuwa najificha kwenye migomba nikikutazama ukimwaga mchanga kwenye mfereji wako, maji yanapita juu ya blanketi ulilolitandika ndani, mchanga unakwenda zake, dhahabu kwa uzito wake inabaki kwenye manyoya. Alasiri unalikung’uta lile blanketi kwenye karai na hakuna mtu anayethubutu kukohoa. Ukirudi nyumbani unaniwekea punje moja kwenye ukucha. “Usipumue,” unaniambia, nami sipumui. Ningepewa siku moja tu ya zile, nisingeomba kingine.

Ndoa iliponileta Kolwezi, mashimo ya migodi hayakunishangaza sana. Walionishangaza ni wanawake wa mgodi wa Mutoshi, wamesimama majini mpaka magotini, wanaosha mawe ya shaba huku wanataniana. Nilingoja mtu aje awafukuze. Hakuja.

Sasa nina jirani, Mama Kalenga, ana shamba la muhogo kando ya kijito, njia ya Kasaji. Siku moja alikuwa anaosha muhogo akaona unga wa manjano chini ya beseni. Watu wakamcheka, wakamwambia hii ni nchi ya shaba na cobalt, aende akalale. Akanijia mimi.

“Mama Zaina, kwenu banachimbaka dahabu. Angalia hii bintu. Bantu banasema mi niko nadanganya.”

Nikaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa yenyewe, baba.

Mbao nilizitoa kwenye makreti ambayo Idi alikuwa ameyarundika uani. Alipoona napigilia misumari akauliza, “Bibi, njo nani amekufa?” kwa sababu kwake lilikuwa jeneza la mtu mwembamba. Nilicheka, nikaendelea kupigilia.

Tukaulaza mfereji kijitoni, sawasawa kama kitanda, maana wa kwako ndivyo nilivyouona miaka yote. Mchanga ukajaa, maji yakamwagika pembeni, Mama Kalenga akalowa mpaka kitambaa cha kichwa. Siku tatu tulihangaika hivyo. Ndipo nikaelewa kwamba mimi nilikuwa nakutazama kutoka juu ya ukingo, na kutoka juu mteremko hauonekani. Ungeniruhusu kushuka hatua kumi tu ningejua. Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Nilikuwa na hasira nawe, nisamehe, nalisema kwa kuwa ni kweli.

Kesho yake tukainua kichwa cha mfereji kwa matofali matatu, maji yakakimbia na kila kitu. Tukatoa moja. Bado. Tukatoa la pili tukaweka ubao mwembamba juu ya lililobaki, na mchanga ukaanza kutembea kwa adabu. Halafu nikaongeza kitu ambacho wewe hukuwa nacho. Sokoni hapa Dilala wanauza vipande vya mpira mweusi wenye mistari, wa ile mikanda inayobeba mawe migodini, watu wanakatia soli za sapatu. Nikatandika kipande kule juu maji yanapoingilia, blanketi likafuata chini. Mistari ya mpira inashika punje kubwa, blanketi linashika ndogo. Tulipokung’uta, Mama Kalenga alinishika mkono, “Mama, iko! Iko kweli!” Haikuwa nyingi. Lakini haikukimbia, baba, na mimi nilikuwa nimesimama mle mle ndani ya maji.

Sikuandikii ili kukushinda. Tangu siku ile sina raha. Kazi ile ni yako, na mimi nimeichukua kama mtu aliyeiba kitu chumbani mwa mzazi wake. Mama Kalenga na wanawake wengine wananiuliza kila asubuhi tunarudi lini. Nimewaambia wangoje. Mfereji nimeuegemeza kwenye ukuta wa jikoni, na hautagusa maji tena mpaka nipate radhi yako. Ukikataa nitaupasua niupikie, nakuapia.

Nisalimie mama, mwambie kitambaa chake kilifika. Nisalimie shangazi, dada yako, na mguu wake mkaidi. Nisalimie bibi mzaa mama, na wifi yangu mke wa Rajabu, na mkunga aliyenipokea duniani, kama bado anafoka. Idi anakupa salamu za mkwe.

Nimalizie na hili. Vile vifito vya mbao ulivyokuwa ukivipigilia kukingama ndani ya mfereji ili vizuie dhahabu, vyangu vilinishinda. Unga laini ulikuwa unapita. Nilipoosha tena mchanga uliotoka mkiani niliukuta bado unang’aa. Wewe ulikuwa unapima nafasi kati ya kifito na kifito kwa vidole, ila kutoka pale juu nilikuwa naona mgongo wa mkono wako tu. Baba, nakujua, neno la kusamehe ni zito mdomoni mwako, na sikuombi uliandike. Niandikie tu ni vidole vingapi.

Mwanao,
Zaina