Nilifuta Theluthi Mbili za Mdudu wa Profesa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Sijawahi kuandikia gazeti hata kulalamikia maji kukatika, lakini hili limenikaa kooni wiki ya pili sasa, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nimeolewa, na nafanya kazi ya kompyuta kwenye maabara inayosoma jenomu ya trikomona, yaani tunataka kuyajua maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya yule mdudu asiyeonekana kwa macho anayeambukizwa kwa kujamiiana na kuwasumbua kina mama kwa muwasho na uchafu, na ukitaka kujua nyumbani wanasemaje, mama mkwe akiulizwa na wageni hujibu haraka, "Mkwe wangu yuko kwenye mambo ya kompyuta," halafu anakaribisha chai kabla hawajauliza kompyuta ya nini.

Mkuu wetu ni profesa anayekaribia kustaafu, na mshauri, mimi mama huyu namhusudu, maana alianza kama muuguzi kwenye kliniki ndogo, wanawake wakija na lalamiko lilelile wakilisema kwa kunong'ona, naye alipotafuta vitabuni akakuta malaria ina rafu nzima na mdudu huyu ana kurasa mbili, akasema, "Kumbe ugonjwa ukiwa wa aibu hata wasomi hugeuza uso," akarudi shule na watoto wawili mgongoni na kiunoni, na leo ni mwaka wa ishirini anawalea wadudu hao kwenye chupa zenye joto la mwili, na kwa kuwa wakikosa chakula hufa, siku ya harusi ya mwanawe alipitia maabara na viatu vya visigino akawalisha kwanza. Hata mimi nimeishia kumpenda mdudu mwenyewe, ukimwona kwenye darubini na mikia yake minne mbele, anavyohangaika huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, utacheka.

Sasa kosa langu. Mashine haiwezi kusoma maandishi yale kwa mkupuo mmoja, huyatoa vipande vidogo mamilioni, na kazi yangu ni kuviunganisha, na sote tuliamini kwamba mdudu mdogo lazima awe na maandishi mafupi, kwa hiyo nilipoona vipande vilevile vikirudi mara mia, mara mia tano, nikajua mashine imepata kigugumizi, nikaiandikia kompyuta amri ya mstari mmoja kwamba kila kinachojirudia ibaki nakala moja, nyingine zote ziingie kwenye folda niliyoiita Takataka, na sikumwambia mtu, maana niliona ni usafi wa kawaida, kama kufagia. Jenomu ikatoka fupi, safi, inapendeza. Profesa alinikumbatia.

Wiki mbili zilizopita mwenzetu anayetunza wadudu, tunamwita Mzee wa Chupa, alipima uzito wa DNA iliyomo ndani ya wadudu milioni moja, akaja mezani kwangu na karatasi yake, akasema, "Dada, huyu mdudu kwangu ni mnene, kwako mwembamba. Nani kamnyima chakula njiani?" Nikacheka, nikamwambia, "Labda mizani yako ndiyo iliyoshiba," lakini alipoondoka nikafungua Takataka, mshauri, nikakuta theluthi mbili za mdudu zimo mle.

Ijumaa ijayo profesa atasimama mbele ya wataalamu kutangaza jenomu, na urefu niliompa mimi umeshachapwa kwenye bango kubwa kama mlango. Mume wangu anasema, "Nyamaza, usijichongee, mkataba wako unaisha mwezi ujao, nani atafukua folda yako?" Lakini nikimwona mama yule akifanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya jokofu naona kama namwona mtu anaenda kwenye sherehe na gauni limechanika mgongoni. Nikisema, namvunjia siku aliyoingoja miaka ishirini. Nikinyamaza, nitaishije? Nishauri.

Mfagiaji wa Jenomu

*

Mwanangu, marahaba.

Umeniomba nikusikilize ndipo nikugombeze, nami ni mtu wa kutii. Lakini nianze na haki yako. Kosa lako la kwanza si la kukunyima usingizi. Ulijengewa imani kwamba kidogo kwa umbo ni kidogo kwa maandishi, na imani hiyo huwapata watu wazima wenye vyeti. Niliwahi kufundisha baiolojia kwa miaka mingi, na kila mwaka darasa lilishangaa kusikia kwamba kitunguu kina DNA nyingi kuliko anayekikata. Umbo halisemi lolote.

Wasomaji ambao hamjaelewa folda ile ilibeba nini, lichukulieni hivi. Chukua mtu anayenakili wimbo. Anaona kiitikio kimerudi mara tisa, anadhani ni makosa ya mwimbaji, anaacha kimoja na kufuta vinane. Atapata karatasi fupi na nadhifu, ila hakuna atakayeweza kuuimba wimbo ule. Viumbe wengi hubeba maandishi yanayojirudia, na mengine ni ya ajabu, huweza kujinakili yenyewe na kuhamia mahali papya. Kwa hiyo, binti, kama mizani ya Mzee wa Chupa inasema kweli, mdudu wenu hakupungukiwa. Amekuwa mkubwa kuliko mlivyomdhania, na mle ndani mna historia yake ya kuhama na kujizidisha. Profesa wako alimheshimu mdudu huyu wakati wengine wamegeuza uso, na sasa inaonekana hata heshima ile ilikuwa ndogo. Mimi ningekuwa yeye, ningetaka kuijua habari hiyo hata nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Sasa kugombezwa. Kosa lako la pili ndilo lenye jina. Mwenzako alikuletea ukweli mkononi ukamfanyia mzaha, halafu ukaukalia siku kumi na nne. Kosa la kufagia lilikuwa la imani mliyokuwa nayo wote. La kunyamaza ni la kwako. Nawe unaliita huruma! Unasema hutaki kumvunjia siku yake. Hapana, mama. Unaogopa kukunjiwa uso na mtu unayemhusudu, na woga huo naujua, ni wa watoto wazuri wote. Lakini siku yake haivunjwi na wewe kusema Jumatatu. Itavunjwa na mgeni mmoja mwenye mizani, atakayenyoosha mkono Ijumaa mbele ya watu wote.

Na kuna wengine nje ya chumba hicho. Ugonjwa huu una tiba, ni vidonge, na mtu na mwenzake humeza wote wawili hata kama mwanamume hajisikii chochote, maana anaweza kuubeba kimyakimya. (Wanaume mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha, hilo ni lenu.) Lakini wapo wadudu wanaoanza kuzoea dawa. Atakayetafuta dawa mpya atafungua jenomu yenu kama ramani. Umempa ramani iliyofutwa mitaa miwili katika kila mitatu, halafu umwambie safari njema?

Mumeo anakupenda, na ushauri wake ni mbovu. Folda ikifukuliwa baada ya wewe kuondoka, jina lako ndilo litakalobaki pale. Mwambie hivyo kwa upole, na ushauri wake uuache nyumbani.

Utakachofanya ni hiki. Kabla ya Jumatatu, mwendee Mzee wa Chupa, umwombe radhi kwa ule mzaha, umwombe aje na karatasi yake ya uzito. Chapisha ule mstari wa amri ulioiandikia kompyuta, uweke sahihi yako chini. Jumatatu ingieni kwa profesa kabla hajavaa koti la maabara. Usimtumie barua pepe. Usiseme "kulitokea hitilafu", wala usiitaje mashine. Sema, "Nilifuta, nikadhani ni makosa, na wiki mbili nimejua nikanyamaza." Kisha weka folda mbele yake, ufunge mdomo.

Huenda akakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Lakini mtu aliyelisha wadudu na viatu vya visigino hatakaa na hasira muda mrefu mbele ya theluthi mbili ambazo hakuwahi kuziona. Atavuta kiti na kuanza kuuliza maswali, nawe ukae umjibu yote. Bango litachapwa upya, au ataandika urefu mpya kwa kalamu juu ya ule wa zamani, na nakuhakikishia ukumbi utaikumbuka kalamu ile kuliko bango.

Barua yako nimeiweka Jumamosi makusudi. Jina lako sikulitaja, lakini maabara zenye Mzee wa Chupa si nyingi, na profesa naye hununua magazeti. Una leo na kesho.