Faili Mbili kwa Mkupuo

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na roho yangu haijatulia hata sasa ninapoandika.

Bi Salma anauza vitenge kwa jumla pale Mchafukoge. Programu yake ya oda nimeitengeneza mimi. Wateja wa mikoani wanamtumia oda kama faili. Yeye anaishika faili kwa mausi, anaiburuta hadi kwenye kisanduku cha maandishi, anaiachia, na oda inatokea. Niliijaribu sana kabla ya kumkabidhi.

Kila mara kwa faili moja.

Leo dereva wa lori la Iringa alikuwa na haraka, akiogopa mafuriko ya Jangwani yasimfungie barabara. Bi Salma akashika faili mbili pamoja, akaziachia. Programu ikaisoma ya kwanza, ya pili ikaipuuza kimya kimya, bila onyo lolote.

Pale dukani, belo likishapakiwa, mteja hutumiwa picha yake, jina likionekana limeandikwa kwa maka peni. Mama Upendo wa Iringa, ambaye binti yake anaolewa Jumamosi, alisubiri picha ya belo la sare za harusi. Hakuiona. Akapiga simu, na Bi Salma akanipigia mimi.

"Neema, programu yako imemeza oda ya mtu! Njoo, lori linawashwa!"

Nikatoka Upanga kwa bajaji. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Nikaifungua ile faili ya pili, nikaisoma kwa sauti, wapakiaji wakafunga belo huku dereva akipiga honi. Belo likapandishwa kwenye lori, turubai likiwa limeshafungwa nusu. Picha ikatumwa. Sare zitafika.

Nikakaa kwenye kompyuta. Kosa lilikuwa la aibu: niliiambia programu ichukue faili ya kwanza tu, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu mwenye haraka hubeba vitu viwili kwa mkono mmoja. Nikarekebisha, nikaburuta faili tatu, zote zikatokea.

"Umeona, Bi Salma?"

"Nimeona, mwanangu."

Kisha zikaingia oda mbili za Songea. Akaburuta moja. Akasubiri itokee, akaisoma yote kwa kidole kwenye kioo. Ndipo akaifuata ya pili.

Nimeumia, kusema kweli.

Kesho nitarudi na programu inayotaja jina la kila mteja ambaye oda yake imepokelewa. Lakini je, ataacha kusoma kwa kidole?