Tiketi Tatu za Wahida

Majengo,
Bagamoyo.
11/2/2025

Mdogo wangu mpendwa Wahida,

Asalaam aleikum. Hujambo? Shemeji Bilali hajambo? Na watoto, na hiyo baridi ya Kanada? Mimi mzima, mgongo tu, kazi ya chumvi unaijua. Mama yupo. Chakula hataki, hageuki mwenyewe, lakini yupo.

Naandika kwa sababu kwenye simu unalia halafu unakata. Twalha wa dukani ataipiga picha barua akutumie.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umesema tiketi zipo tatu. Ya kuja tu. Ya kuja na kurudi baada ya wiki mbili, rahisi, ila tarehe haibadiliki. Na ile ghali, ya kurudi siku unayotaka mwenyewe, mwaka mzima. Halafu ukaniuliza, kaka, kwa kukadiria tu, Mama anaweza kwenda mpaka lini, nijue nikate ipi.

Wahida, mimi nachota chumvi. Tarehe hizo sigawi mimi.

Kosa langu ni moja. Simu yangu sikioni haisikiki tena, mpaka spika. Ujumbe wako niliufungua nimekaa kitandani kwa Mama, nikidhani salamu. Kasikia yote. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema, "Mwambie achukue ya wiki mbili, nitajitahidi."

Usiseme ugonjwa ndo unamsemesha. Mwaka juzi ulikuja, Mama kifua kimembana, tukajua ndo basi. Siku ya kumi kaomba uji. Sisi tukafurahi. Wewe ukanuna, ukasema pale ukumbini, "Sasa likizo yangu nimeimaliza bure." Mlango wa Mama ulikuwa wazi.

Marehemu mke wangu Nadhira ndiye aliyekuwa akimsafisha. Tangu nimemzika, mimi mwanamme siwezi kumvua mama yangu nguo. Anakuja Ashatu, muuza mihogo wa nyumba ya pili, asubuhi na jioni. Yule uliyemfukuza mlangoni eti ana miguu michafu.

Jana Mama kamwita. Kaniambia nitoe sanda sandukuni, kampa mkononi. "Siku yangu utaniosha wewe."

Ashatu kaogopa. "Bi Mkubwa, na Wahida je? Si haki yake hiyo?"

"Wahida mgeni. Mpeni kiti, mpeni kahawa. Mwilini kwangu asiguse."

Nikamwambia, Mama, huyo ndo binti yako pekee. Kafumba macho. Sikumwomba mara ya pili. Naona kasema kweli.

Kwa hiyo ile tiketi ghali iache. Hiyo ya mtu anayekuja kukaa, amgeuze, amlishe, amuoshe. Kazi hiyo ina mwenyewe sasa. Kama unataka akuone macho yake yakiwa wazi, kata yoyote inayoondoka wiki hii. Ukingoja tarehe kwangu, nitakayokupa ni ya maziko, na hapa hatumlazi maiti kungoja ndege. Ukishuka Dar panda basi mwenyewe, mimi sina siku ya kuja kukupokea.

Shangazi Shufaa anakusalimu. Msalimie shemeji, na Abuu na Mardhiya waambie bibi yao bado anawataja.

Mungu akupe umri mrefu, na siku yako ikifika akupe mtoto asiyeuliza lini.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja, na nakupenda hivyo hivyo,
Kombo