Vumbi la Saruji Juu ya Paa Letu

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha saruji,
Jumapili, mwanzoni mwa Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

U mzima huko? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Mimi na Mama tunapumua, ila siwezi kusema sote ni wazima. Keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kaka yetu ameanguka kutoka kwenye paa. Yu hai, lakini uti wa mgongo umeumia, na daktari hakumung'unya maneno: hatatembea tena.

Chanzo ni vumbi. Kiwanda kiliwasha tanuri jipya, vumbi likawa linatua kwenye vioo vya sola. Umande ukiligusa linaganda kama lipu. Betri zikawa hazijai. Mashine yake ya kutotolea vifaranga ikazimika, mayai yakaoza yote. Unamjua kaka yako. Alipanda na ndoo ya maji na brashi ya chuma, jua likiwa utosini. Wifi akamwita, "Shuka, bati limelowa!"

"Njaa haisubiri bati likauke," akajibu. Hayo aliyasema akiwa amesimama. Hajasimama tena.

Fundi wa sola alikuja baadaye. Kumbe brashi ile ilikwangua kioo bure. Amezishusha paneli hadi uani, akaziinamisha ili mvua ikokote vumbi, akamfundisha wifi kuzifuta alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwa kitambaa laini na maji matupu. Mambo mepesi hivyo! Maarifa yametufikia nyuma ya machela.

Ofisa wa kiwanda naye alikuja kutupa pole. Akasema vumbi ni kazi ya Mungu.

"Na tanuri ni la nani?" Mama akamuuliza. Akaaga.

Betri zikajaa tena, wifi akaweka mayai mapya, na juzi vifaranga wametotolewa. Tulimwekea kaka mmoja kiganjani, tukidhani atafurahi. Akamtazama kifaranga akijikongoja. "Hata siku hajamaliza, anatembea," akasema, akageuzia uso ukutani.

Ukimwandikia, usimwambie atapona. Muulize habari za kuku; hayo bado anajibu.

Mama anakusalimu, wifi pia, na shangazi aliyehamia kwetu kusaidia kumgeuza kitandani. Kaka hakutuma salamu, usimchukie. Mungu akutunze, tuendelee kuwa na mmoja wa kumwazia mema.

Akupendaye daima,
Dada yako.