Zamu ya Murhale

Kashenyi, Ijumaa

Mama wangu mupenzi,

Jambo sana. Nakusalimia kwa mikono mbili. Umeamukaje? Jicho inaendelea namna gani? Daktari alisema ukae mbali na moshi, na mimi nakujua, kila asubuhi uko umeinama juu ya mbabula unapepea makaa, kama vile hakuna mutu mwingine mu nyumba. Mwachie Faida apepee. Mudogo wangu ule ni mutu muzima sasa, iko na mikono. Nimeandika herufi kubwa kwa makusudi. Barua hii usimupatie akusomee. Usome mwenyewe, polepole, karibu na dirisha, na ukichoka pumuzika.

Mimi niko. Malaria ilinipiga siku tatu, ikaondoka. Najua Faida alikuambia sipokei simu. Rezo ya simu huku ni mbaya, kweli, lakini si rezo peke yake. Nitafika pale.

Parokia zangu ine zingali zinasimama, hata kama moja haina bati upande wa mulango, upepo ulibeba. Mu kanisa ya katikati kuna familia za wakimbizi wanalalaka ndani. Jumapili wanakunja mikeka, tunasali, kisha wanakunjua tena. Mara ya mwisho nilihubiri mutoto analia chini ya meza yangu, mama yake anamutafuta nyuma. Watoto wa kipaimara wanangojea askofu mwaka wa pili sasa juu barabara haipitike, na zile nguo nyeupe wazazi waliwashonea zimekuwa fupi, zingine zimepewa wadogo wao. Maharagi ya shamba la kanisa, wamama walilima, wamama wakapalilia, wenye bunduki wakavuna. Walivuna muchana, mbele yetu, wanaimba.

Lakini sikukuu ya mavuno tulifanya vilevile. Wee Mama, ungeona! Mama mumoja alileta kuku, akaiweka mbele na heshima yote, na ibada ilipoisha akaibeba chini ya kwapa akaenda nayo. Namuuliza, maman, sasa hii ni sadaka gani? Anasema, «Pasta, nilitaka tu Mungu aione.» Tulicheka mpaka machozi. Nilikuwa sijacheka tangu nilipotoka kwako.

Sasa niseme ile yenye inanifanya niandike.

Wewe mukatoliki wa Bagira, padri iko karibu yako kila asubuhi, huwezi kujua mambo yetu. Kwetu katekista anaweza kuongoza sala, kuzika, kufundisha. Lakini Meza ya Bwana, ule mukate na kikombe, lazima pasta. Pasta ni mimi moja, parokia ni ine. Basi kila parokia iko na zamu yake, Jumapili moja kwa mwezi. Murhale ndiyo ya mwisho, juu kabisa ya mulima, saa ine za kupanda kwa miguu. Mwezi wa kwanza wa mvua sikupanda, njia iliteleza. Kwa hiyo mwezi uliofuata walikuwa na njaa ya Meza, wanahesabu siku.

Ndipo ukaniita. Ulisema Jumatatu watakupasua jicho, unaogopa, unataka nikushike mukono. Na Jumapili ya kabla yake ilikuwa zamu ya Murhale.

Nilimwita katekista wao, Mushagalusa, ule muzee murefu nilikuambiaka habari zake, mwenye kuimba sauti ya chini mpaka benchi inatetemeka. Nilimwambia ukweli: Mama yangu anapasuliwa. Jumapili sitapanda. Mushuke ninyi, Jumamosi asubuhi, hapa Kashenyi kando ya ziwa, nitawapa Meza, kisha nitapanda boti ya saa sita. Hakusitasita. Alisema, «Enda uone mama, Pasta. Watu, nitajua namna ya kuwaambia.»

Mama, kabla yangu hakuna pasta aliyewahi kuteremusha Murhale. Pasta ndiye anapanda. Watu wale wanajua njia gani wapite siku gani, na Jumamosi hawapitaki kule kwenye mianzi, juu siku ya soko wenye bunduki wanakaa pale kungojea wachuuzi. Mimi nilijua. Mutu yeyote anajua. Nilichofikiri ni saa ya boti.

Jumamosi nilitandika meza. Nikaweka mukate, kikombe, kitambaa cheupe. Saa tatu, hakuna mutu. Saa ine, hakuna. Saa tano nilianza kukasirika. Nilisema peke yangu mu kanisa, watu hawa wa Murhale, unawafanyia mema na wanalala! Boti ilipopiga honi nilifunika kila kitu, nikafunga mulango, nikaenda. Niliketi mu boti nimenuna mpaka Bukavu. Mama, wakati ule nilikuwa nanuna, Mushagalusa alikuwa ameshakufa, yeye na wamama wawili wa kwaya. Waliwasimamisha pale kwenye mianzi. Yeye alijaribu kuwaambia hawa si wachuuzi, ni watu wa kanisa wanaenda kula Meza. Wengine walikimbia. Walikuwa wamevaa nguo zao za Jumapili.

Unakumbuka ile simu, Jumanne, mu koridoo ya hospitali, jicho yako ikiwa imefungwa bandeji? Uliniuliza ni nani. Nilisema, ni watu wa kanisa, wanakusalimia. Ukasema, wana roho nzuri. Nilitoka inje nikatapika. Kisha nikarudi, nikakushika mukono, nikakwambia nimetoka juu ya joto.

Niliporudi huku walikuwa wameshawazika. Nilipanda Murhale nikijua watanifukuza. Walinipokea na nyimbo za kilio, wakanikumbatia mumoja mumoja. «Pole, Mama Pasta. Tunajua, askofu alikuita ku mukutano, ulikuwa huna namna.» Ndivyo Mushagalusa alivyowaambia. Alinifichia aibu. Alidanganya kwa ajili yangu, yeye mwenye alikuwa anakatazaka watoto hata kusema uongo wa mchezo. Na mimi, Mama, nilinyamaza. Nilikubali zile pole zote. Nilikula bugali yao.

Nimekaa na uongo ule miezi miwili. Nimewapa Meza nikiwa nao, nimesimama mbele yao nikawaongoza kuungama dhambi. Ndiyo maana sipokei simu. Kila nikisikia sauti yako nasikia ile koridoo.

Sasa usianze kusema ni wewe. Nakujua. Usianze. Mugonjwa kumuita mutoto wake haijawahi kuwa kosa. Ungeniita mara mia ningekuja mara mia. Lakini ningeweza kupanda Murhale mwenyewe Ijumaa, niwape Meza juu kule, nishuke. Saa ine za kupanda tu. Nilionea miguu yangu huruma.

Juzi nilipanda kumusaidia Mama Nsimire, mujane wa Mushagalusa, kupalilia muhogo. Tulikuwa sisi wawili. Nilimwambia yote, nimeshika jembe, bila kumuangalia. Alisimama. Kisha aliniuliza, «Na jicho ya mama yako, inaona?»

Nikasema inaona.

«Bon, ni vizuri,» akasema. «Angalau.» Akalima mpaka mwisho wa mustari, akageuka, akalima kurudi. Alipofika karibu yangu alisema, «Mimi siwezi kukusamehe kwa jina la wengine. Wale wamama wawili wako na watoto wao. Jumapili ni zamu yetu. Uwaambie wote, wewe mwenyewe, kabla ya kugusa mukate.» Nilimuuliza, na wakinifukuza? Alinishangaa, kama vile nimeuliza kitu cha kitoto. «Wakikufukuza, utaenda.»

Faida aliniandikia kwamba ofisi ya askofu inataka kunirudisha mujini, na kwamba wewe umeshapaka chokaa chumba changu. Ashi, Mama! Na jicho ile mpya umepanda ku ngazi? Barua ya ofisi ninayo hapa tangu wiki mbili. Sijajibu. Nikikubali kabla ya Jumapili nitakuwa nimekimbia, na Mushagalusa atabaki amesema uongo bure, kwa ajili ya pasta mwenye kukimbia. Wakinifukuza nitakuja, chumba nitalala, na sitasema neno. Wakisema nibaki, nitabaki, na nitapanda kila zamu mpaka magoti yakatae.

Barua hii nampatia maman mwenye kupeleka ndizi Bukavu, boti yake inatoka kesho asubuhi. Itakufikia kesho jioni; mimi nitapanda Jumapili alfajiri.

Unisalimie Faida, umwambie ametunza mama vizuri, hata kama namsemaka. Unisalimie tonton, ndugu yako, mwenye alikupeleka hospitali akangojea inje na mvua. Na yule jirani wetu mujane mwenye kukuletea sambaza, wale samaki wadogo, mwambie namukumbuka.

Jioni najua utashika rozari yako. Nakuomba kitu kimoja, Mama, na usinikatalie. Usiombe nirudi. Omba Jumapili nisimame, nifungue mdomo, na sauti itoke.

Mutoto wako mwenye kukupenda,

Furaha