Uzi Juu ya Goti, Pini Chini

Jumatatu, 15 Februari 1988
Nimeosha mguu wa Baba Njoki tena. Maji ya chumvi yaliyochemshwa, kitambaa safi. Anaangalia ukuta tu. Kidonda kinatoka pajani hadi karibu na kifundo. Ndiko walikotoa mshipa wa kutengenezea moyo wake kule Nairobi. Juu ya goti walishona kwa uzi. Chini walibana kwa pini za chuma. Daktari alituambia wanalinganisha, waone ipi inaponya vizuri. Pini zimetolewa. Kumekauka kote. Bado naogopa kila akikohoa.

Alhamisi, 18 Februari
Naibu wa chifu amekuja dukani. Jumatatu ni kura: kila mtu apange foleni nyuma ya mgombea wake. Nikasema mume wangu ni mgonjwa.
"Mama Njoki, hapa Kiplombe tunajuana. Watu wenu wakikosa, inaonekana."
Akachukua soda, akaenda.

Jumapili, 21 Februari
Tumegombana. Ati ataenda. Anasema moyo umeshapona, leseni ya duka ndiyo itakufa asipoonekana. Nimepika. Sijala.

Jumatatu, 22 Februari
Amesimama tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nilimpelekea kiti, askari akakiondoa. Mguu umevimba kama gogo. Nawachukia wote. Hata yeye kidogo.

Jumatano, 24 Februari
Chini ya goti kumefunguka. Usaha. Harufu. Juu, uzi umeshika.

Jumanne, 1 Machi
Nairobi. Daktari alifungua bandeji. Kisha akamwambia mwenzake, "Basi pini tuache. Kwa mguu hazifai." Akauliza kama mgonjwa alichosha mguu.
"Nilikuwa nimelala tu, daktari," Baba Njoki akasema. Akanikazia macho.
Niliogopa. Duka, naibu wa chifu, masikio ya watu wodini. Lakini kuna wagonjwa wengine nyuma yetu, na huyu daktari angewashona kwa kufuata uongo wetu.
"Alisimama," nikasema. "Kwenye foleni ya kura. Nusu siku."
Daktari akaenda akafunga mlango. Akauliza polepole mguu ulikuwaje kabla ya hapo. Nikamwambia ulikuwa mkavu, juu na chini.
"Basi mguu huu hauwezi kutuambia kitu kuhusu pini."
Wamemlaza. Wanasema usaha ukifika kwenye mfupa, watakata.

Ijumaa, 4 Machi
Wanamsafisha kila asubuhi. Anauma shuka. Haongei na mimi. Ati nimemuuza, yeye na duka. Labda. Ningesema tena.

Alhamisi, 10 Machi
Homa imeshuka. Mfupa uko salama. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukaa kando ya kitanda. Akanipa mgongo.

Jumamosi, 26 Machi
Nyumbani. Kovu la chini ni pana na baya, lakini limefunga. Hakuna aliyekuja kutuuliza kitu. Bado.
Asubuhi Baba Njoki alitoka mwenyewe, akakaa mbele ya duka, akakunja suruali jua limpige. Mama mmoja mteja akashtuka, akamuuliza, "Mzee, huo mguu uliumizwa na nini?"
"Foleni," akasema. Hakushusha sauti.
Nikaendelea kupima sukari.